Upande wa Pili wa Shuka

Watu wa Gwata tulikuwa na njaa ya sinema kuliko njaa ya chakula. Mkanda mmoja ukionyeshwa kijijini leo, tuliutafuna kwa maneno mpaka msimu wa korosho upite, na ukija mwingine unatukuta bado tunagombana kuhusu ule wa kwanza. Mimi nilikuwa miongoni mwa wagombanaji wakuu. Nikipata nauli ya basi la kutoka Mlandizi nilikwenda Dar es Salaam Jumapili, nikaingia ukumbini kutazama picha ya Kihindi, saa tatu za kuimba, kupigana na kulia, kisha nikarudi kuwasimulia wenzangu kwenye benchi la muuza kahawa. Ukumbini shujaa alipiga watu watano. Nikishuka Mlandizi walikuwa wameshakuwa kumi, na nikifika Gwata walikuwa ishirini, wawili wamepanda farasi.

"Jana ulisema kumi na wawili," mtu ataniambia.

"Wengine walichelewa kufika," nitamjibu, na hadithi inaendelea, maana hakuna aliyekuwa na nauli ya kwenda kuhakiki.

Hiyo ilikuwa sinema ya wenye nauli. Sinema ya wote ililetwa na gari la sinema, Landrova ya serikali yenye mashine ya kuonyeshea, jenereta na kipaza sauti, iliyozunguka vijijini enzi zile za ujamaa ikitufundisha kuchimba choo, kupalilia pamba na kuchemsha maji ya kunywa. Msicheke. Choo kikichimbwa juu ya shuka jeupe, na ngoma inalia nyuma yake, kinakuwa na shujaa wake na adui yake kama picha yoyote ya Kihindi. Mimi niliwahi kutokwa na machozi kwa ajili ya shimo.

Shuka lilifungwa kati ya nguzo mbili kwenye uwanja wa shule. Gari lilipokuja mara ya kwanza kabisa, wazee wa msikitini walitoa sharti moja tu: wanawake waje kama waume zao wameridhia, ila wasichanganyike na wanaume gizani. Bwana sinema, ndivyo tulivyomwita mwonyeshaji, hakuwa na mashuka mawili. Basi wanaume tukakaa mbele, upande wa gari, na wanawake wakatandika mikeka yao nyuma ya shuka. Kitambaa kilikuwa chepesi, picha ilipenya mpaka kwao. Wakapapenda mno huko nyuma: hakuna moshi wa jenereta, wala mwanamume wa kuwaambia nyamazeni. Ikawa ndiyo desturi, kwetu na katika kila kijiji nilichokijua, mpaka ng'ambo kule Kisarawe.

Ugomvi ulianza watu wakirudi majumbani. Jirani yangu aliwahi kulala bila chakula kwa sababu ya mwizi wa kuku wa kwenye sinema, jambazi mmoja mwenye chongo.

"Chongo lake la jicho la kulia," alisema mume.

"La kushoto," alisema mke.

"Macho yako mabovu."

"Na wewe ulisinzia. Nilikusikia unakoroma toka huku nyuma."

Wakaita mashahidi. Wanaume wote tulishuhudia chongo la kulia, wanawake wote wakashuhudia la kushoto, na kijiji kikagawanyika katikati kama embe. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza kwa nini. Sisi tulisema wanawake hawajui kutazama sinema. Wao walisema wanaume wanakwenda kulala. Tukaendelea kuishi hivyo kwa raha zetu, na tungeishi hivyo mpaka kiyama kama jambo lile lisingekuja kunigusa mimi.

Nilipokuwa mdogo sikusoma. Shamba la mpunga la baba lilikuwa na ndege wengi kuliko mpunga wenyewe, na mtu wa kuwafukuza nilikuwa mimi. Kisomo cha watu wazima kilipofika kijijini nilikuwa tayari nina ndevu. Nikaingia darasa la jioni, nikasoma kwa taa ya karabai mpaka wadudu wote wa Gwata wakanijua kwa sura, nikahitimu. Nasema nilikuwa wa kwanza. Waliokuwa wa pili wapo, waulizwe.

Kabla sijahitimu walikuja watu wa kupiga picha za sinema. Walitaka kuwaonyesha wananchi darasa la jioni linavyokwenda. Lakini mashine yao ilitaka jua, kwa hiyo darasa la jioni likafanyika saa nane mchana, karabai inawaka juani, na sisi tumeambiwa tupige miayo kidogo kama watu waliotoka shamba. Nikachaguliwa kuandika ubaoni. Niliandika "Mama anapika wali" kwa mwandiko ambao hata chaki yenyewe ilijivuna. Na kwa kuwa mama zetu kweli walikuwa wamepika wali, wakatupiga picha tukila, wanaume sita tumezunguka sinia moja, mimi nikiwa karibu zaidi na mashine. Mpiga picha akasema tule polepole. Sijawahi kula polepole vile. Kila tonge nililipeleka mdomoni kama bibi harusi anavyopelekwa kwa mume.

Basi nami wakati huo nilikuwa nimeposa. Binti mwenyewe ni wa Kurui, huko Kisarawe. Nilimwona Mlandizi, kwenye harusi, alikuja kumsaidia dada yake aliyeolewa pale. Alipita na ndoo ya maji kichwani akicheka jambo aliloambiwa na mwenzake, hakumwaga hata tone, na tangu saa hiyo hata shujaa wa Kihindi sikuweza kumsimulia vizuri. Nilikuwa namwacha katikati ya vita naanza kutazama barabara.

Baba yangu alishatangulia mbele ya haki. Mshenga wangu akawa baba mdogo, mtu mpole, mwenye baiskeli iliyolia kuliko jenereta. Aliipeleka posa kupitia Mzenga, imefungwa kwenye leso, nao wakaipokea. Wazazi wa binti walikuwa radhi. Lililobaki ni neno la shangazi mtu, aliyemlea yule binti tangu anaachishwa ziwa, mwanamke ambaye, walivyosema, hata jogoo wake aliwika kwa ruhusa. Neno la shangazi ndilo lingefunga au kufungua, na bado alikuwa hajaniona.

Ndipo nikasikia gari la sinema limeelekea Kurui, na mkanda wetu wa kisomo umo ndani.

Furaha yangu haikuwa na mipaka. Mwanamume gani mwingine katika mkoa mzima wa Pwani aliyepelekwa ukweni kwa mwanga wa umeme? Nilitangaza kwenye benchi la kahawa kwamba shangazi akishaniona tu, harusi itafanyika kabla mkanda haujaisha.

Siku chache baadaye baba mdogo alirudi kutoka Kurui. Baiskeli aliisukuma kwa mkono, ingawa magurudumu yote mawili yalikuwa na upepo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kaa chini."

"Nimekaa."

"Kaa zaidi." Akatoa leso mfukoni. Ilikuwa na fundo lake vilevile, halijaguswa. "Wamerudisha."

"Wamerudisha kwa nini?"

"Shangazi mtu anasema hatoi mtoto wake aende kula sinia moja na watu wanaokula kwa mkono wa kushoto."

"Mkono upi?"

"Wa kushoto, mwanangu! Ule wa chooni! Kwani unayo mingapi?"

Nikautazama mkono wangu wa kushoto. Nao ulinitazama.

Baba mdogo akaeleza. Wanawake wa Kurui wameniona kwenye sinema, mimi na wenzangu wote watano, tunachota wali kwa mkono wa kushoto bila haya, tena polepole, kama watu wanaojivunia. Mvua ikanyesha katikati ya onyesho, watu wakatawanyika, lakini la kuona walikuwa wameshaliona. Usiku uleule Kurui nzima ikajua kwamba Gwata hakuna adabu.

"Wanaume wao walisemaje?"

"Wanaume wanasema hawakuona kitu. Shangazi kasema wanaume siku zote hawaoni kitu."

"Basi nikale mbele yake! Anione kwa macho yake!"

"Nilimwambia. Kwanza, mchumba gani anayekula ukweni kabla ya ndoa? Pili, kasema mbele ya wakwe hata fisi anakula kwa adabu. Anasema sinema imekukuta hujijui, na sinema haina mshenga wala ujamaa na mtu."

"Hakuna hata jema moja aliloliona?"

"Kuandika kakusifu. Anasema unaandika vizuri, unaanzia kulia kwenda kushoto, kama walivyofundishwa wao chuoni kwenye Kurani."

Hapo tungeshtuka, sote wawili. Lakini mtu aliyenyimwa mke hana nafasi ya kuchunguza sifa. Tena baba mdogo alikuwa hajamaliza. Mfanyabiashara mmoja wa Kisarawe, mwenye duka lenye mabati mapya, alikuwa ameshaanza kumuulizia yule binti, na shangazi alikuwa hajamjibu ndiyo wala siyo.

Siku zilizofuata sikuwa mtu. Wakati wa kula niliukalia mkono wa kushoto mpaka ukafa ganzi. Nilimuuliza mama kama utotoni nilikuwa na tabia ile, akaapa kwa jina la Mungu kwamba sikuwahi. Baba mdogo alihoji wenzangu watano waliokula kwenye sinia, mmojammoja, kama polisi. Wote wakaapa pia. Mmoja alikasirika mpaka akamletea baba mdogo ugali na kuula mbele yake wote, kwa kulia, akauliza, "Umeona? Umeridhika?" Benchi la kahawa sikulisogelea. Nilisikia walikuwa wananihurumia, na huruma ya watu wa benchi la kahawa ni afadhali upigwe.

Basi gari la sinema likaja Gwata, na mkanda wetu.

Kijiji kizima kilihamia uwanjani. Wanaume mbele, wanawake nyuma ya shuka, magharibi imeshaswaliwa, giza limeingia. Baba mdogo alinikokota nikae naye. Bwana sinema akawasha mashine, na mara tukajiona wenyewe, wakubwa kama nyumba, tunapiga miayo yetu ya saa nane mchana.

"Huyo mimi!" alipiga kelele mmoja wetu. "Jamani, huyo mimi! Tazameni masikio yangu!"

Nikajiona naandika ubaoni. Mwandiko ulikuwa mzuri, siwezi kudanganya. Kisha likaja sinia. Niliinamisha uso, halafu nikaogopa, halafu nikatazama kwa jicho moja. Mkono wangu ulishuka kwenye wali, ukakunja tonge, ukapanda. Kulia. Tonge la pili, kulia. Wenzangu wote, kulia.

"Umeona, baba?" nikamnong'oneza. "Umeona?"

"Naona," alisema baba mdogo. "Yule mwanamke kaniweka barabarani na baiskeli siku nzima kwa ajili ya nini?"

Hakumaliza. Nyuma ya shuka mama yangu alipiga ukelele ambao nadhani Mlandizi waliusikia.

"Mwanangu! Mkono gani huo?"

Na wanawake wengine wakafuata, kama kuku walioona mwewe.

"Na wako naye!"

"Na baba watoto wangu naye! Yaa Rabi, wote sita!"

"Kumbe nyumbani kulia, kwenye sinema kushoto!"

Wanaume tukatazamana. "Wanaona nini hao?" aliuliza mmoja. Wengine wakaanza kucheka, lakini mimi sikucheka. Nilisimama. Nikafanya jambo ambalo mwanamume wa Gwata hakuwahi kulifanya tangu shuka la kwanza lifungwe: nikalizunguka, nikaingia upande wa wanawake.

Kanga zilivutwa vichwani, nikatukanwa kwa jina la baba yangu na la babu yangu. Sikujali. Nilimtazama yule kijana mkubwa kama nyumba. Alikuwa anakula kwa kushoto, taratibu, kwa heshima zote, kama mtu asiyefundishwa na mama yeyote. Wenzake wote watano, kushoto. Bwana sinema aliurudisha mkanda kwa kelele tulizopiga, likaja tena darasa, na maandishi yangu mazuri yakaanza kutoka kulia kwenda kushoto, yamegeuka, yanatembea kinyumenyume kama kaa.

Nilikaa kwenye mkeka wa watu nikacheka mpaka mbavu zikaomba msamaha. Baba mdogo akaja mbio akidhani nimepagawa. Nikamwonyesha kwa kidole. Akatazama. Akaenda mbele, akatazama. Akarudi nyuma, akatazama. Kisha naye akakaa kwenye mkeka.

Bwana sinema alifika na tochi. "Kuna nyoka?"

"Kaka," nikamwambia, "mbona huku nyuma nakula kwa kushoto?"

"Si lazima? Huku nyuma kila kitu kinageuka. Ni kama kujitazama kwenye kioo." Akatumulika nyuso zetu, mmoja baada ya mwingine. "Nilidhani mnajua. Miaka yote mnakaa huku, hakuna aliyeuliza."

Jirani yangu na mkewe walitazamana kando ya shuka kwa muda mrefu. Nadhani walikuwa wanamkumbuka yule mwizi wa kuku.

Tulijua sasa. Lakini kujua kwetu kulikuwa Gwata, na shangazi alikuwa Kurui. Baba mdogo ndiye aliyelisema, nikahisi kicheko kinanitoka miguuni.

"Niende nikamwambie nini? Kwamba shuka ndilo lililokula kwa kushoto? Atasema kumbe na waongo pia."

"Mimi kesho naelekea Kurui," alisema bwana sinema. "Mvua ilinikatiza kule, niliwaahidi nitarudi kumalizia."

"Basi kesho wanaume wa Kurui wakae nyuma, wanawake wakae mbele!"

"Wanaume wa Kurui? Labda uwabebe."

Ni kweli, hata sisi tusingekubali. Mama alikuwa anakunja mkeka wake, bado ana hasira na ule mkono, ingawa alishaelezwa.

"Kwani gari hilo halina magurudumu?" alisema. "Kila mtu akae mahali pake alipozoea. Gari ndilo lihame."

Kesho yake tulipanda Landrova, mimi na baba mdogo. Kurui hatukutaka nionekane, maana mchumba aliyerudishiwa leso haendi kuzurura kijijini kwa watu. Nikajikunja kwenye kiti cha mbele, nimejifunika shuka la kulalia la bwana sinema, na baba mdogo akaenda kumsalimia mwenyekiti wa kijiji kama mtu aliyekuja kwa shughuli nyingine. Jua lilipotua bwana sinema aliwasha gari, akalizungusha taratibu, akaliegesha upande wa wanawake.

"Bwana sinema, umepotea?" wanaume waliita. "Sisi tuko huku!"

"Leo jenereta haitaki upepo wa huko," aliwajibu kwa kipaza sauti.

"Kwa hiyo sisi tukae nyuma kama bibi harusi?"

"Kaeni palepale. Nani kawahamisha?"

Wakanung'unika, lakini mahali palikuwa pao palepale na mikeka ilikuwa imeshatandikwa. Nao wanawake walilalamikia moshi. Mimi nilijikuta katikati yao, kanga zimenizunguka pande zote, naomba Mungu nisipige chafya.

Mbele kabisa, karibu na gurudumu la mbele la gari, aliketi mwanamke mmoja juu ya kigoda. Wote waliokuja walimsogelea kwanza kumwamkia. "Shikamoo, shangazi." "Marahaba." "Shikamoo, shangazi." "Marahaba, na huyo mtoto mfute kamasi." Sikuhitaji kuelezwa ni nani.

Mashine ikawaka. Tukapiga miayo.

"Haooo!" walisema wanawake. "Hao mashoto wa Gwata! Yule, yule wa mbele, si ndiye mchumba?"

"Alikuwa," alisema shangazi.

Neno lile lilinipita kifuani kama mkuki. Shukani nikashika chaki, nikaanza kuandika.

"Alaa," alisema shangazi. "Huyu leo ana nini? Juzi aliandika vizuri, leo kaanzia kushoto."

"Mama anapika wali," ilisema sauti ya msichana, wazi kabisa, kutoka chini ya kanga ya mtu.

Vichwa vikageuka.

"Nani kasoma?" aliuliza shangazi bila kugeuka.

"Mimi, shangazi."

"Wewe nani kakutoa nyumbani?"

"Mama kanileta."

"Haya. Jifunike." Kisha, baada ya muda kidogo, "Kaandika hivyo kweli?"

"Hivyohivyo, shangazi. Juzi walisema hayasomeki. Leo yanasomeka."

Ndiye. Sikuwa nimewahi kusikia sauti yake zaidi ya kile kicheko cha Mlandizi, na neno lake la kwanza masikioni mwangu lilikuwa sentensi yangu mwenyewe. Shuka nililojifunika nililiuma kwa meno.

Sinia likaja. Kelele zote zilikufa. Hata watoto walinyamaza, maana walijua hapa ndipo penye aibu. Mkono mkubwa ukashuka kwenye wali. Ukakunja tonge. Ukapanda.

"Shangazi," alisema mwanamke mmoja polepole. "Mkono wa kulia huo."

"Naona."

"Na wenzake wote."

"Nimesema naona."

Wakati huohuo nyuma ya shuka wanaume wa Kurui walilipuka.

"Astaghfirullah! Wanakula kwa kushoto!"

"Kumbe wake zetu walisema kweli!"

"Nyie wanaume!" mwanamke mmoja aliwajibu. "Hamjui kutazama sinema! Kulia hiyo!"

"Kushoto!"

"Kulia!"

Kurui iliwaka moto. Mimi sikuwasikiliza. Nilikuwa natazama kisogo cha mtu mmoja juu ya kigoda. Hakikutikisika. Tonge la tatu likapanda, la nne, na kile kisogo hakikutikisika.

"Wifi," alianza mwanamke aliyekaa kando yake, ambaye nilielewa kuwa ni mama mzazi wa binti, "mimi nahisi ni shuka. Huenda juzi lilikuwa lime..."

"Shuka linakula?"

"Halili, lakini..."

"Basi. Mimi nimeelewa." Shangazi alijiweka sawa kwenye kigoda. "Kijana nilimkataa kwa ajili ya mkono. Akapelekewa habari. Akasikia, akabadili mkono, na wenzake wote akawabadilisha, wakapigwa picha upya. Kuandika kaharibu, lakini kuandika ni shauri lake na serikali. Mwenye duka wa Kisarawe nilimwambia aache kutafuna tumbaku mbele yangu. Mpaka leo anatafuna. Sasa nani msikivu hapo?"

Nilitaka kujibu mimi.

"Mwiteni yule mshenga. Namwona tangu jioni anajificha kwa mwenyekiti, anadhani mimi kipofu."

Baba mdogo alikuja akijikwaa kwenye mikeka, mikono ameifumbata mbele.

"Leso yako unayo?" aliuliza shangazi.

"Ninayo."

"Ilete."

Akaitoa. Shangazi aliipokea, akaifunga kwenye pindo la kanga yake bila kuifungua, kama mtu anayerudisha kitu chake mahali pake. Na baba mdogo, mtu mkweli mno, hakuweza kuondoka na ukweli tumboni.

"Shangazi, kwa kweli, lile shuka..."

Ndani ya gari nilimwomba Mungu amfunge mdomo, na kama angechelewa ningemfunga mwenyewe.

"Unasemaje?" aliuliza shangazi.

Baba mdogo aliitazama leso pale pindoni.

"Nasema alhamdulillahi, shangazi."

"Enhe. Kaa hapo pembeni, usitembeetembee mbele ya watu."

Nilipumua. Nadhani nilikuwa sijapumua tangu siku ile baiskeli iliposukumwa kwa mkono. Pumzi ilitoka ndefu mpaka kioo cha gari kikaingia ukungu, na nyuma ya ukungu ule nikaona kanga moja ikisogea kidogo, jicho moja likachungulia upande wa gari, kisha kanga ikafunikwa haraka na mkono wa mtu mzima.

Bwana sinema alikuja kubadilisha mkanda. Akainama dirishani. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Sasa tulia uangalie. Huu wa pili ndio mzuri zaidi, hata mimi naupenda."

Nikatulia, nikauangalia wote tangu mwanzo mpaka taa ilipozimwa. Kulikuwa na watu, nakumbuka, na jambo fulani lilitokea. Kesho yake Gwata walinikalisha kwenye benchi la kahawa, wamenisogezea kikombe, wakauliza ule mkanda wa pili wa Kurui ulikuwaje. Nikasema ulikuwa mzuri. Wakangoja. Nikanywa kahawa. Jioni ile mama aliambiwa, akaja kunigusa paji la uso kuona kama nina homa.